Sina Ng'ombe Mzima

SEHEMU YA SABA

Msomaji, wiki nzima umekuwa ukiuliza ni nani aliyelia nyuma ya pazia la chumba cha Mzee Bartolomayo. Kuna hata bwana mmoja aliyepiga simu gazetini akidai ni mama mkwe. Siye. Lakini tusilifungue pazia kabla ya kumalizana na kiapo.

Kwa aliyefungia maandazi gazeti lililopita, mambo yalikuwa hivi. Mzee Bartolomayo Ndahani wa kijiji cha Chisejelo alikuwa amesimama katikati ya nyumba yake, mkono wa kulia juu ya Biblia. Biblia ilishikwa na Nathanaeli, Mtendaji wa kijiji, ambaye Jumapili ni mwinjilisti na siku nyingine zote ni serikali. Mbele yao alikaa Bwana Ernest, afisa tathmini ya maafa kutoka mjini, na kishikwambi mapajani.

Mzee alikuwa ndiyo kwanza ametamka maneno matatu: "Sina ng'ombe mzima."

Kilichobaki ni Bwana Ernest kubonyeza kitufe cha kijani. Akibonyeza, mzee anaingia kwenye orodha ya walioangamizwa na ukame, na serikali inampa mitamba wawili aanze upya. Aliyebakiwa na ng'ombe hata mmoja hapewi mtamba. Huyo hupewa gunia la pumba na semina ya siku moja juu ya namna ya kuishi na ukame. Na aliyeapa uongo hunyang'anywa hata huyo ng'ombe mmoja, kufidia usumbufu wa maafisa.

Kidole kilikuwa kinashuka. Ndipo kitu kikalia nyuma ya pazia, kirefu, kizito, na mwisho kikapiga chafya.

Kidole kikasimama.

"Nani huyo?" akauliza Bwana Ernest.

Mzee alifungua mdomo. Mke wake Zipora akamwahi.

"Mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Wa hapa nyumbani."

"Anasumbuliwa na nini, mama?"

"Njaa," akajibu Zipora, na hilo halikuwa uongo.

Bwana Ernest alizaliwa Ipagala mjini, akasoma Ipagala, akajenga Ipagala. Alimfahamu ng'ombe zaidi akiwa kwenye mshikaki. Akashusha sauti kwa huruma.

"Poleni sana. Zahanati mmempeleka?"

"Tumemkanda na maji ya moto. Anaendelea."

"Mungu atasaidia." Kidole kikaanza tena safari yake ya kwenda chini.

Pembeni yake alikaa Anitha, afisa mifugo wa kata, binti aliyehitimu chuo miaka miwili iliyopita na ambaye amezika mizoga mingi kuliko umri wake. Anitha alikuwa anatazama viatu vyake. Tangu alipovuka kizingiti na kusema shikamoo, pua yake ilishamwambia kila kitu. Samadi mbichi haifichwi kwa pazia.

Kitu kikalia mara ya pili. Safari hii kengele nayo ikagonga.

"Mama," akasema Bwana Ernest polepole, "mgonjwa wenu amevaa kengele?"

Hakusubiri jibu. Alivuta pazia.

Juu ya godoro la Mzee Bartolomayo na mkewe alilala ng'ombe mwenye madoa. Alikuwa amefunikwa khanga mpaka shingoni, ile khanga mpya ambayo Zipora alirudi nayo kutoka Kondoa wiki mbili zilizopita, alipokwenda kumjulia hali rafiki yake Sikudhani, mke wa Hasani mchuuzi wa ng'ombe. Mdomoni ng'ombe alikuwa na kona ya mto, na sponji ilikuwa inaingia taratibu.

Akamtazama Bwana Ernest. Akaendelea kutafuna.

Huyo ndiye Madoa, msomaji. Baba yake Bartolomayo alimpa mwanawe mtamba siku alipotoka jandoni, na kutoka kwa mtamba huyo likatoka zizi zima. Ukame wa mwaka huu ulilifyeka zizi hilo wiki baada ya wiki, mpaka mzee akaacha kwenda kutazama na kumtuma mkewe. Bwana Ernest alipomuuliza wamekufa wangapi, mzee alimjibu kama alivyowajibu wahesabuji wote tangu ujana wake: "Mimi sihesabu ng'ombe." Mfugaji wa kule hataji idadi. Wengi wa hao waliokufa alikuwa amewagawa kwa marafiki katika vijiji vitano wamtunzie, mmoja hapa, watatu kule, ili asiwepo mtu wa kusimama mahali pamoja na kuwaona wote. Ni Zipora aliyenong'ona kutoka jikoni: "Arobaini na mmoja."

Alibaki Madoa, mwenye mimba ya miezi minane. Kwa siku sita alikuwa hawezi kuinuka. Kila asubuhi majirani walikuja na miti miwili, wakaipitisha chini ya tumbo, wakamnyanyua. Alisimama kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, kisha akashuka tena. Ng'ombe wa ukame akikosa kunyanyuliwa siku moja tu, mara nyingi haamki tena, na kila mtu Chisejelo alilijua hilo.

Kwa miti hiyohiyo walimwingiza chumbani juzi usiku, maana wakaguzi walitarajiwa jana, Jumatatu. Jana hawakuja. Posho ya mafuta ilichelewa kusainiwa. Kwa hiyo Madoa alilala siku mbili juu ya godoro, na wenye godoro wakalala sakafuni.

"Mzee," akasema Bwana Ernest, "umeapa kwa Biblia."

"Nimeapa."

"Umeapa kwamba huna ng'ombe."

Hapo, msomaji, ndipo Bartolomayo Ndahani alipoonyesha kwa nini kilabuni hakuna anayekubali kubishana naye.

"Sikuapa hivyo," akasema. "Hebu soma ulichoniuliza. Soma kama kilivyo."

Bwana Ernest akasoma kwenye kishikwambi. "Swali la kumi na nne. Je, una ng'ombe mzima?"

"Nikajibuje?"

"Sina."

"Basi. Huyu unamwona mzima?"

Nje, mlangoni, watu walikuwa wameshajaa, maana Chisejelo hakuna siri inayodumu zaidi ya robo saa. Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

"Mzee usinichezee. Mzima maana yake hai."

"Wewe ukiamkiwa, 'Hujambo, mzima?', unajibu kwamba hujafa?"

"Mimi ni mzima wa afya."

"Umeona sasa. Umesema mwenyewe. Wa afya. Huyu hana afya. Huyu ni mgonjwa, na mke wangu alikwambia tangu mwanzo."

Bwana Ernest akamgeukia Anitha. "Wewe ndiye mtaalamu. Mpime."

Anitha akapiga magoti. Akamwangalia Madoa ufizi, akamhesabu mbavu bila kuhitaji kumgusa, akaweka kiganja ubavuni na kukiacha hapo. Kitu kilipiga teke ndani. Anitha akatabasamu kidogo, kisha akajikumbusha yuko kazini.

"Kitaalamu," akasema, "siwezi kuandika kwamba ng'ombe huyu ni mzima. Nikiandika hivyo, nirudishe cheti."

"Lakini yuko hai."

"Yuko hai. Si mzima."

"Samahani wakuu," akaingilia Nathanaeli, akifunga Biblia na kuiweka kwapani. "Kwenye mafunzo yetu sisi watendaji tulielezwa kwamba mzima pale maana yake mkubwa. Asiyekuwa ndama. Kama mnavyosema mtu mzima."

"Nani aliwaambia hivyo?"

"Mkufunzi wenu. Kwa hiyo mimi wale waliobakiwa na ndama tu, wote nimewaandika hawana kitu."

Uso wa Bwana Ernest ukabadilika rangi. Kabla hajasema neno, Sila muuza nyama akapenyeza kichwa mlangoni.

"Kwetu buchani ng'ombe mzima ni asiyekatwa," akasema. "Ukiagiza mzima unapata pamoja na kichwa na miguu. Mimi nilijibu hivyo. Nilisema nina nusu."

Jasho likaanza kumtoka afisa tathmini. Katika vijiji kumi na saba alivyopita alikuwa ameuliza swali la kumi na nne zaidi ya mara elfu moja. Sasa hakujua hata mmoja alikuwa amejibu nini.

Ikabidi apige simu mjini. Chisejelo mtandao unapatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kilicho nyuma ya choo cha mzee. Bwana Ernest alikipanda na viatu vyake vya ngozi, akiteleza kila hatua mbili, na kijiji kizima kikasimama chini kikimtazama. Aliweka simu spika kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umeshika mti.

Upande wa pili akapokea mama mmoja mwenye sauti ya ofisi yenye kiyoyozi. Alikuwa mkuu wa Bwana Ernest. Akasikiliza mkasa wote bila kukatiza.

"Hilo neno," akasema mwishowe, "tulilijadili siku tatu hotelini."

"Tulikubaliana nini, mama?"

"Siku ya kwanza tulifungua. Siku ya pili tuliunda vikundi. Siku ya tatu kila kikundi kilikuwa na maana yake, na siku za posho zilikuwa zimeisha. Tukakubaliana fomu iende hivyohivyo, wananchi wataelewa."

"Wameelewa, mama. Wameelewa kwa namna nne."

Kalamu ilisikika ikigonga meza. Chini ya kichuguu mtu alimziba mtoto mdomo.

"Andika," akasema. "Ng'ombe mzima, kwa madhumuni ya mpango huu, ni ng'ombe anayeweza kusimama mwenyewe. Mpe nusu saa. Akisimama mwenyewe, ni mzima, huyo mzee ameapa uongo, mlete ng'ombe. Asiposimama, bonyeza kijani. Waraka utafuata."

Simu ikakatika.

Msomaji, fikiria hali ya Bartolomayo. Kwa siku sita, kila siku kabla ya jua kutoka, alipiga magoti akimwomba Mungu jambo moja tu, Madoa asimame. Sasa ilimbidi aombe Madoa alale. Akainamisha kichwa pale chini ya kichuguu, akasema kwa sauti ya chini: "Bwana, yale maombi ya asubuhi yaweke kando kwanza. Nusu saa tu. Baadaye nitayarudia."

Walimtoa Madoa kwa ile miti miwili, wakamlaza katikati ya zizi tupu. Bwana Ernest akaweka saa kwenye kishikwambi. Watu wakazunguka ua.

Dakika ya kwanza hadi ya kumi, Madoa alilala. Dakika ya kumi na tano, alipepesa sikio. Mzee alikuwa anahesabu pumzi zake, yeye asiyehesabu ng'ombe. Zipora alisimama kando, na kama kuna aliyemwangalia vizuri aliona kwamba macho yake hayakuwa zizini. Yalikuwa barabarani, upande wa Kondoa. Lakini nani aliyekuwa na muda wa kumwangalia Zipora?

Dakika ya ishirini, Bwana Ernest akaenda kwenye gari la ofisi. Akarudi na gunia la pumba, lilelile la kuwapa waliobakiwa. Akalifungua hatua nne mbele ya pua ya Madoa.

"Hiyo haimo kwenye waraka," akasema Anitha.

"Wala haijakatazwa."

Harufu ya pumba ikatembea. Tangu mvua zikatike, Madoa alikuwa hajaisikia harufu hiyo. Sikio likasimama. Pua ikacheza. Kisha shingo yote ikanyooka kuelekea guniani.

"Lala, mama," akanong'ona Bartolomayo. "Lala tu."

Madoa hakulala. Ng'ombe huinuka kwa miguu ya nyuma kwanza, na ndivyo alivyofanya. Kiuno kikapanda kidogo, kikashuka. Kikapanda tena. Mifupa ya nyonga ikatokeza kwenye ngozi. Safari ya tatu miguu ya nyuma ikanyooka, akabaki amepiga magoti ya mbele, mwili mzima ukitetemeka, na tumbo likining'inia.

Alikuwa hawezi kumalizia kupanda, wala hana nguvu za kushuka taratibu.

"Mzee," akasema Anitha kwa sauti iliyobadilika, "akianguka hivi ataangukia tumbo. Ndama haponi. Na yeye haponi."

Bartolomayo alisikia. Aliona mitamba wawili, wanono, wa serikali, wamesimama upande mmoja wa akili yake. Upande wa pili alimwona baba yake amemshikisha kamba ya yule mtamba wa kwanza, akimwambia amtunze. Alijua kwamba akinyoosha mkono anapoteza vyote, mitamba hawaji na Madoa anaondoka. Lakini anaondoka akiwa hai. Aliogopa, msomaji, na hakuona aibu kuogopa.

Akaruka ua.

Aliingiza bega lake chini ya kifua cha Madoa, akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Sila akaruka nyuma yake. Wakaruka majirani wawili wa miti, bila miti. Nathanaeli akaitupa Biblia mikononi mwa mwanamke mmoja na kushika ubavu, akasahau kwamba siku hiyo yeye ni serikali. Madoa akaporomoka upande mmoja, pembe ikaelekea kumchoma Bwana Ernest aliyekuwa amesimama karibu na gunia. Bwana Ernest akaidaka ile pembe kwa mikono miwili na kuisukuma kwenda juu.

Goti moja likafunguka. Na la pili.

Madoa akasimama.

Akasogea hatua nne, akazamisha mdomo guniani, akala. Pumba zikaruka mpaka kwenye shati jeupe la afisa tathmini. Bartolomayo alikaa chini pale alipokuwa, kwenye vumbi, akalia mbele za watu.

"Amesimama," akasema. "Basi. Amesimama."

Bwana Ernest alijifuta shati. Kwa muda mfupi alionekana kama mtu anayetamani kusema jambo jingine. Kisha akakumbuka mshahara.

"Mzee, umekiri mwenyewe. Saa inaonyesha dakika ya ishirini na sita. Mtendaji, leta kamba. Ng'ombe anaondoka na sisi."

Kamba ikaletwa. Ikapita shingoni mwa Madoa, ambaye hakuwa na habari, alikuwa anakula. Mzee hakunyanyuka. Baadhi ya wanawake wakageuka, hawakutaka kuona.

"Baba," akaita Zipora.

Hakuwa anamwita mumewe. Alikuwa anamwita Bwana Ernest, kwa adabu yote, mikono ameifunga tumboni.

"Nisamehe, mimi shule yangu ni ndogo. Waraka ulisemaje? Asimame?"

"Ndiyo, mama. Asimame."

"Asimame na nani?"

Bwana Ernest akakunja uso. Anitha akanyanyua kichwa taratibu, na tabasamu likaanza kumtoka, la pembeni.

"Mwenyewe," akasema Anitha. "Waraka ulisema anayeweza kusimama mwenyewe. Kijiji kizima tulisikia pale kichuguuni."

"Mimi nimeona watu watano wamemshika," akaendelea Zipora kwa upole uleule. "Wa sita ni wewe, baba. Wewe umeshika pembe."

Bwana Ernest akatazama viganja vyake. Vilikuwa na vumbi la pembe. Akamtazama Nathanaeli, na Nathanaeli akaenda haraka kuichukua Biblia yake, maana alihisi ataitwa shahidi.

"Nilikuwa najikinga."

"Ndiyo, baba. Umejikinga kwa kumnyanyua."

Kicheko kikapasuka zizini. Sila alikaa chini akishika mbavu. Bwana Ernest alifikiria kurudi kichuguuni. Akatazama viatu vyake, akatazama kichuguu. Akafikiria pia maelezo ambayo angeyaandika, kwamba ng'ombe alisimamishwa na afisa wa tathmini. Akaivua ile kamba shingoni mwa Madoa kwa mkono wake mwenyewe.

"Ng'ombe si mzima," akasema kwa uchovu. "Mzee hana ng'ombe mzima. Naandika hivyo. Mungu anisamehe."

Vigelegele vikapigwa. Bartolomayo akanyanyuka, akapangusa suruali, akatafuta uso wa mkewe katikati ya watu. Miaka thelathini na nane ya ndoa alikuwa hajawahi kumwambia asante kwa sauti. Alitaka kuisema pale pale. Lakini Zipora alikuwa amempa kisogo, anatazama barabara.

Bwana Ernest akabonyeza kijani.

Kishikwambi kikazungusha duara lake. Kikazungusha tena. Kisha kioo kizima kikawa chekundu.

"Ajabu," akasema Bwana Ernest.

"Bando limeisha?" akauliza Nathanaeli.

"Hapana." Akasogeza kishikwambi karibu na macho. "Kinasema mfugaji huyu ameshapokea."

"Amepokea nini?"

Bwana Ernest akasoma, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti yake ilivyozidi kupata nguvu. "Jina, Bartolomayo Ndahani. Kijiji, Chisejelo. Idadi ya mitamba, wawili. Hali ya mitamba wakati wa makabidhiano, wazima. Kituo cha kupokelea, Kondoa. Tarehe, wiki mbili zilizopita. Sababu ya mhusika kutofika mwenyewe, hajiwezi."

"Nani hajiwezi?" akafoka mzee.

"Subiri. Aliyepokea kwa niaba yake, Zipora, mke. Alama ya kidole gumba, ipo."

Vigelegele vilikatika vyenyewe. Anitha alifumba macho.

"Mzee," akasema Bwana Ernest, na sasa hakuwa na uchovu hata kidogo, "wakati unaapa pale ndani, ulikuwa na ng'ombe wazima wawili. Wazima kwa maana zote nne. Na ulikuwa unaomba wengine wawili. Hilo si la waraka tena. Hilo ni la polisi. Na huyu Madoa anaondoka, asimame asisimame."

Bartolomayo hakumsikia. Alikuwa anamwendea mkewe, hatua kwa hatua, watu wakimpisha. Alikuwa anaikumbuka ile safari ya kumjulia hali Sikudhani. Alikuwa anaikumbuka khanga mpya. Alikuwa anakumbuka jinsi mkewe alivyonung'unika jana, si kwamba wakaguzi watakuja, bali kwamba wamechelewa siku moja.

"Mama Anna," akasema. Hakupandisha sauti. "Una ng'ombe wangapi?"

Zipora akageuka mwishowe. Machoni mwake hakukuwa na woga wala toba. Kulikuwa na kitu ambacho mzee alikitambua mara moja, kwa sababu kwa miaka thelathini na nane yeye ndiye aliyekuwa anakivaa usoni mbele ya kila mhesabuji.

"Mimi sihesabu ng'ombe, baba Anna," akasema. "Si wewe uliyenifundisha?"

Papo hapo vumbi likapanda kwenye kona ya barabara ya Kondoa. Lori la Hasani mchuuzi, lililoambiwa lije Jumanne baada ya wakaguzi kuwa wameshaondoka, likaingia taratibu mpaka mlangoni mwa zizi na kupiga honi mbili za furaha.

Na kutoka nyuma ya lori, chini ya turubai, kitu kikalia. Sauti ilikuwa nene, imeshiba, haina kikohozi wala chafya. Bwana Ernest hakuhitaji kumwuliza Anitha. Hata yeye wa Ipagala aliijua: hiyo ilikuwa sauti ya ng'ombe mzima.